Mwanya wa Bibi, Waya wa Babu

Pale kliniki hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wagonjwa walimwita Fundi, dada wa mapokezi alimwita Fundi, na hata yule daktari mzee aliyemwajiri, Mungu amrehemu, alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, "Fundi, haya meno yamekaaje?" Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake aligeuka polepole, akitazama kama kuna mtu mwingine aliyeingia chumbani.

Makao yake yalikuwa chumba cha nyuma. Mbele, kwenye viti vya bluu na feni yenye kulalamika, ndiko watu walikosubiri zamu ya kupangwa meno. Katikati kulikuwa na kile kiti kirefu cha kumlaza mgonjwa, na taa juu yake. Nyuma kabisa, kwenye mlango ambao tangu uwekwe haujapata kufunga vizuri, ndiko alikokuwa Fundi na plasta yake. Daktari alijaza kisinia cha bati uji wa rangi ya waridi, akambana nacho mgonjwa mdomoni mpaka machozi yakamtoka, na ule uji ulipoganda ukabaki na alama za meno yote. Hapo kisinia kililetwa nyuma mbiombio kabla uji haujasinyaa. Fundi alikoroga plasta kwenye bakuli la mpira, akaligonga mezani kufukuza mapovu, akamimina kidogo kidogo kuanzia gego la mwisho, kisha akangoja.

Plasta ikianza kushika hupata joto. Hilo ndilo alilolipenda kuliko kazi nyingine yote. Alifunika kwa kiganja meno ya mtu ambaye pengine hata uso wake hakuuona, nayo yalikuwa na joto, kama yamemtoka mwenyewe mdomoni sasa hivi. Miaka na miaka alipokea meno ya mji mzima kiganjani namna hiyo. Akikutana na mtu sokoni alimtambua akicheka tu, akanong'ona, "Huyu chonge lake la kushoto lilitusumbua."

Siku hizi hakuna joto. Daktari wa sasa ni binti wa yule mzee, na watu humwita Daktari Mdogo ingawa naye ana watoto wanaonyoa ndevu. Uji wa waridi hautaki hata kuusikia. Ana kijiti chenye kamera nchani, kinene kidogo kuliko mswaki, anakipitisha mdomoni mwa mgonjwa huku akipiga soga, na meno yanajichora yenyewe kwenye kompyuta, na fizi zake, na rangi zake. Kisha mashine iliyokaa pale palipokuwa na pipa la plasta inachukua maji mazito ya plastiki, inayapiga mwanga tabaka juu ya tabaka, na baada ya muda sanamu ya meno inanyanyuka humo ikiwa imekamilika. Ni kazi safi. Sanamu zinatoka baridi, zinanuka spiriti, na hakuna ndoo ya matope chini ya sinki ya kumvunja mtu mgongo.

Mashine zilipoletwa, wengi walijua Fundi anamwaga unga. Yeye mwenyewe alijua, akaanza kubeba vikombe vyake kimoja kimoja kurudisha nyumbani. Lakini Daktari Mdogo alikulia katika chumba kile. Utotoni, baba yake akiwa na wagonjwa, Fundi ndiye aliyemtuliza kwa kumfinyangia maua ya plasta. Daktari Mdogo akavuta kiti kingine mbele ya kompyuta.

"Kaa hapa, Fundi."

"Mimi na hii mashine hatujatambulishwa, mwanangu."

"Ndiyo nawatambulisha. Wewe ulinifundisha kukoroga plasta nisipate mapovu. Leo ni zamu yangu."

Akajifunza. Tusidanganyane, alijifunza kwa kununa, na siku za mwanzo alibonyeza kipanya kama anayeua mdudu. Lakini mtu aliyeshinda na meno ya watu ujana wake wote hayapotezi kwa sababu yamehamia kwenye kioo. Akazoea. Vikombe vikarudi kimoja kimoja.

Nyumbani kwake aliishi na mjukuu wake, binti wa mwanawe wa kwanza. Alikuja kukaa naye bibi alipofariki, ikasemwa amekuja kwa sababu kazini kwake ni karibu, na kila mtu akakubali kuamini hivyo. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja katika kampuni moja ya bima. Alikuwa msichana mwepesi wa maneno, mcheshi, na katika ukoo mzima yeye peke yake alirithi mwanya wa bibi yake. Hakuurithi kwa kukadiria. Ulikuwa ni ule ule, katikati ya meno mawili ya juu, na ukingo wa jino la kulia umeinama kidogo kuingia ndani. Marehemu alikuwa akimwita "mke mwenzangu", na wakikaa pamoja wakacheka, Fundi alikuwa anaacha anachokifanya.

Jioni moja, wakiwa mezani, mjukuu akasema, "Babu, nataka kuja kwenu kupangwa meno."

"Mke wangu, hayo meno yana nini? Si yanatafuna?"

"Yanatafuna. Ila ya chini yamepandana, hata mswaki haupiti. Na huu mwanya unapiga filimbi."

"Wa bibi yako nao ulipiga."

"Bibi hakuwa na kipaza sauti mbele ya mdomo, babu. Nikisema 'sawasawa' mteja anasikia filimbi mbili. Wiki iliyopita mmoja kaniuliza, dada, ofisini kwenu mnafuga ndege?" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Msimamizi kanihamishia kwenye kujibu barua pepe. Kutwa nzima naandika 'ndugu mteja'. Mimi napenda kuongea na watu, babu, unanijua. Nataka uzibwe. Wewe unasemaje?"

Fundi alitazama kabati. Mjukuu naye, bila kujua, alikuwa amepenyeza ncha ya ulimi kwenye mwanya, kama afanyavyo akiwaza, na kama alivyofanya bibi yake akihesabu mishono. Moyo wa mzee ulimuuma hasa. Alitaka kusema, usiuguse, ndicho kitu chake pekee ninachokiona bado kinatembea. Akanywa maji.

"Mdomo ni wako," akasema. "Njoo."

Juu ya kabati lile kulikuwa na meno ya marehemu. Msomaji asishtuke: yalikuwa meno ya plasta, juu na chini, yamekaa kwenye nta nyekundu iliyofifia. Mjukuu alikua akiyaona pale. Alipokuwa mdogo alikuwa akiyapandia kiti na kuyalisha vipande vya mkate, na marehemu akimwambia ayafute makombo, yasije yakaoza.

Habari yake ni hii. Zamani, Fundi akiwa kijana mwembamba mwenye plasta mpaka kwenye nyusi, ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la mshonaji. Katika duka hilo alikuwapo msichana wa cherehani ya dirishani. Fundi alimjua kwa kumtazama tu, maana alikuwa domo zege, na kwa mtu anayeshinda na plasta hilo halikumshangaza yeyote. Siku moja msichana akavuka barabara akaingia kliniki. Chonge lake moja lilichomoza nje, na shangazi yake alikuwa amemwambia kwamba, wakati analinyoosha, azibe na mwanya, kwa sababu mwanamke mwenye mwanya huvujisha siri za nyumbani. Shangazi huyo, ikumbukwe, hakuwa na mwanya, na mtaa mzima ulikuwa na siri zake.

Zama hizo hakukuwa na kompyuta ya kumwonyesha mgonjwa atakavyokuwa. Fundi alichukua sanamu ya plasta, akakata jino moja moja kwa msumeno mwembamba, akayapanga upya kwenye nta kama daktari anavyotaka yaje yakae. Mgonjwa alionyeshwa hiyo, akikubali ndipo nyaya zinafungwa. Daktari mzee akaagiza: chonge lirudi ndani, mwanya uzibwe.

Fundi alilirudisha chonge. Alilipanga vizuri kabisa. Alipofika kwenye yale meno mawili ya mbele, alikata, akayashika, akayarudisha yalipokuwa. Akaenda kunawa. Akarudi, akayatazama tena. Mwisho akalainisha nta pembeni yake, akaweka sanamu kwenye sinia kama kazi iliyokwisha.

Daktari mzee hakuikagua. Aliibeba moja kwa moja mbele ya mgonjwa. Msichana akaigeuza mikononi, akauliza, "Mbona mwanya upo?" Daktari akatazama, akavua miwani, akaita, "Fundi!" kwa sauti ambayo hata feni iliisikia. Fundi akatoka chumba cha nyuma, mikono imetapakaa plasta. Akatafuta uongo wa kitaalamu, hakuupata. Maneno aliyoweza kutoa yalikuwa matatu.

"Umekaa vizuri hapo."

Kisha msichana akacheka, kwa mkono mdomoni, maana ndivyo alivyozoea kucheka. Na palepale akautoa mkono. Chonge lilinyooshwa, mwanya ukabaki, na daktari mzee alimkaripia Fundi mpaka saa ya kufunga. Lakini siku ya harusi yao ni yeye yule aliyekuja na kifurushi cha karatasi ya kaki, wageni wakanyoosha shingo, na kifurushi kilipofunguliwa yakatoka meno. Mama mzazi wa bibi harusi alikaribia kuzimia.

Tangu hapo, kila adhuhuri, filimbi nyembamba ilivuka barabara kutoka dirisha la mshonaji, na Fundi alijua chakula kimefika. Hakuhitaji saa. Hata duka lilipofungwa na wao wakazeeka, mkewe akitaka kumwita kutoka uani hakuinua sauti, alipuliza tu kwenye mwanya. Wakigombana alimtania, "Nyamaza wewe, uliyenichagulia mdomo." Naye alinyamaza.

Basi mjukuu akaja kliniki. Daktari Mdogo akapitisha kijiti chake mdomoni, na kwenye kioo kikubwa ukutani meno yakajitokeza. Fundi alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango usiofunga. Yalipotokea ya juu alishika fremu ya mlango. Ukubwa ule hakuwahi kuuona; mwanya ulikuwa mpana kama upinde wa mlango, na ule ukingo ulioinama ulikuwa pale pale pake.

"Sasa tazama," Daktari Mdogo akamwambia binti. Akavuta kitufe kutoka kushoto kwenda kulia. Meno ya chini yakajipanga, yale mawili ya juu yakasogeleana, yakagusana. Ilikuwa ni kufumba na kufumbua. Akarudisha kitufe, mwanya ukafunguka, akakivuta, ukafunga. Fundi aliifanya kazi hiyo kwa msumeno na nta na jasho, na kipande hicho cha mwisho kilimshinda.

Daktari Mdogo aliijua habari ya nta. Nani hakuijua pale kliniki? Akageuka. "Fundi?"

"Endelea tu, mwanangu."

Daktari akamgeukia binti. "Uchaguzi upo. Tunaweza kupanga ya chini peke yake, huo wa juu tukauacha. Tunaweza pia kuupunguza tu. Sitaki useme baadaye kompyuta ilikuamulia."

Binti akamtazama babu yake. Babu alikuwa anaikagua feni.

"Nataka uzibwe," akasema. Na kwenye "uzibwe" filimbi ikatoka, ndogo, kama inaaga.

Tiba ya siku hizi haifungi nyaya kila mara. Kompyuta inagawa safari ya meno katika hatua ndogo ndogo. Kwa kila hatua inachapwa sanamu, na juu ya sanamu hiyo inabanwa karatasi ngumu ya plastiki iliyopashwa moto, ikawa kifuniko chembamba cha kuvaa juu ya meno, ambacho hata hakionekani. Mgonjwa anavaa kimoja, meno yanasogea kidogo, anahamia kingine. Na mtu wa kuchapa sanamu hizo, kuziosha, kubana vifuniko na kuvisawazisha kingo, katika kliniki ile, alikuwa ni Fundi.

Akazitoa kwenye mashine, akaziosha kwa spiriti, akazipanga mezani kwa mstari kama zinavyofuatana. Halafu akakosea kwa kuzitazama. Kwenye ya kwanza mkewe alikuwapo, mzima. Kwenye ya pili alikuwapo. Mbele kidogo mwanya ulibaki wa kupitisha njiti ya kiberiti, kisha uzi, kisha hakuna. Mwisho wa meza yalikuwa meno mazuri ya mtu asiyemjua. Adhuhuri ilifika, na bila kufikiri Fundi aliinua kichwa kutega sikio barabarani. Ng'ambo pale siku hizi wanauza simu. Hakula siku hiyo. Alifunga mlango kadiri ulivyokubali kufungika, akalia kidogo, akanawa uso kwenye sinki, akabana vifuniko vyote.

Sanamu ya kwanza aliitia mfukoni. Daktari Mdogo aliona, akajifanya anasoma simu.

Miezi ile nyumbani ilikuwa na vituko vyake. Vifuniko vya mwanzo vilimfanya binti aongee kama mwenye kiazi cha moto mdomoni, na babu akawa anamwitikia hivyo hivyo mpaka wakaombana radhi. Kisha akazoea. "Sawasawa" yake ikaanza kupungukiwa. Filimbi mbili zikawa moja, ile moja ikawa pumzi, na jioni moja akasema, "Sawasawa, babu, nimefunga mlango," ikawa ni sentensi tu. Fundi akaweka chini kijiko. Mjukuu alidhani chakula kina chumvi. Juma lile lile msimamizi akamrudisha kwenye simu, akaja nyumbani anaimba tangu kona ya barabara, na Fundi alifurahi. Alifurahi kweli. Furaha na ule uchungu vilikaa pamoja kifuani, hakuna kilichompisha mwenzake.

Ikabaki kitu kimoja. Mwanya ni mkaidi. Ukiuziba ukauacha hivyo, nyuzi za fizi zinayavuta meno kurudi yalikotoka, polepole, na baada ya mwaka unaukuta umefunguka. Ndiyo maana mwisho wa tiba daktari anagandisha waya mwembamba uliosokotwa nyuma ya meno ya mbele, upande wa ulimi, usioonekana. Waya huo hukaa miaka, pengine maisha.

Daktari Mdogo alikuja mwenyewe chumba cha nyuma. Hakuketi.

"Fundi, ule waya wa mjukuu wako naweza kuagiza nje. Nikiwatumia picha za kompyuta, mashine yao inaukunja, unakuja tayari kwenye kibahasha."

"Unakuja umekaa vizuri?"

"Unakaa vizuri, siwezi kusema uongo. Nimekuja tu kwa sababu..." Akaishia hapo. "Huna lazima ya kuufanya wewe."

Fundi akavuta droo. Koleo lake dogo lilikuwamo, mpini umelainika pale kidole gumba kinapokaa. Hakukumbuka mara ya mwisho kulishika.

"Nitaukunja mwenyewe," akasema.

Akachapa sanamu ya meno yalivyo sasa, akaiweka mbele yake, akakata kipande cha waya. Kuna namna waya wa aina hii hukunjwa. Lazima ulale juu ya kila jino bila kulazimishwa, ufuate kila mbonyeo, usinyanyuke hata unene wa unywele. Ukinyanyuka mahali, gundi ya hapo hubeba mzigo wote, na baada ya miezi inaachia. Mgonjwa hasikii lolote. Siku atakayogundua, meno yameshaanza kuachana, na daktari atasema ni bahati mbaya, hutokea, maana kweli hutokea.

Fundi alijua hayo kuliko alivyojua njia ya kwenda kwake. Akakunja upande wa kushoto, ukalala. Akafika kwenye jino la kulia, lile lenye ukingo ulioinama, na pale koleo likasimama. Ingetosha kuacha mbonyeo mmoja. Hakuna mashine ingeuona, hakuna daktari angemlaumu. Mwaka ungepita, mwanya ungerudi wenyewe kama mtu aliyekuwa safarini, na yeye angekaa mezani akasikia "sawasawa" na filimbi zake mbili. Nani angesema ni Fundi? Hata mwenye mdomo pengine angeuzoea tena, akacheka. Bibi yake si alicheka?

Alicheka, ndiyo. Lakini katika siku zake za mwisho, akiwa amelala na Fundi akimlowesha midomo kwa pamba, walikuwa wakizikumbuka habari za ujana, na hii ikapita kama zote. Safari hii hakumtania. Alisema kwa upole, "Ungeniuliza kwanza, baba. Ningekubali tu. Lakini ungeniuliza." Fundi hakujibu, kwa sababu alidhani watakuwa na siku nyingine ya kuzungumza.

Akainua koleo. Akakunja mbonyeo ule, akaulaza waya, akaielekeza sanamu dirishani, akatazama. Mwanga ulipenya mahali padogo. Akautoa, akakunja tena. Akautazama. Mwanga haukupita popote. Aliubonyeza kwa kucha kila jino, kisha akautenga kwenye kisahani.

Siku ya kuugandisha, binti alilala kwenye kile kiti kirefu, Fundi akashika taa ya bluu inayokausha gundi, kama alivyokuwa akimshikia daktari mzee vitu vyake. Daktari Mdogo aliuweka waya nyuma ya meno, akasubiri kuona kama utateleza. Haukusogea. Akamtupia Fundi jicho juu ya barakoa, akaitikia kwa kichwa, ndipo akaomba taa.

Binti alijitazama kwenye kioo, akacheka bila mkono mdomoni. Yalikuwa meno mazuri. Fundi alimwambia hivyo, na hakuwa anatia chumvi.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua limeanza kupoa. Walipolipita lile duka la simu Fundi alipunguza mwendo, kwa mazoea tu. Binti naye hakuwa akiangalia njia. Alitazama chini, shavu likichezacheza. Mzee akamwona, akajua ulimi uko wapi.

"Unatafuta nini humo?"

"Mwanya." Akacheka kwa aibu. "Ulimi haujaambiwa bado. Kila nikiwaza unakwenda pale pale."

"Na unakuta nini?"

"Nakuta waya wako."

Wakaenda hatua kadhaa. Fundi mkono ulikuwa mfukoni, umeifumbata ile sanamu ya kwanza, ambayo kwa kushikwashikwa ilikuwa imepata joto.

"Unakuchoma?" akauliza. "Kama unakuchoma sema, nitaufungua niukunje upya."

Mjukuu akapitisha ulimi tena, taratibu, kutoka jino hadi jino, kisha akampachika babu yake mkono kwapani.

"Haunichomi, babu," akasema. "Umekaa vizuri hapo."